Mzee Solomon Wanjohi Kariithi na Daftari la Zamu (1956–2025)

Wasifu huu umeandikwa kwa niaba ya familia na mpwa wa marehemu, Maureen Wairimu, mtoto wa dada yake, ambaye pia ndiye anayewasomea. Humu ndani Maureen atatajwa kwa jina kama watu wengine. Mkisikia anajisifu, kohoeni. Mjomba wake angekohoa.

Marehemu Mzee Solomon Wanjohi Kariithi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Gatitu, Nyeri, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Kariithi Muriuki na marehemu Wangari Kariithi. Mama yake alikuwa katika kikundi cha ngwatio, wale akina mama waliolimiana mashamba kwa zamu: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, mpaka mzunguko uishe. Solomon alikuwa na kichwa kisichosahau, kwa hiyo wakamfanya mtunza zamu akiwa na miaka minane. Mwaka mmoja mvua ilikaribia, na mama mmoja mwenye shamba kubwa akataka la kwake litangulizwe. Mtoto akamwambia kwamba mvua haiulizi shamba ni la nani. Jioni hiyo alichapwa kwa kukosa adabu, lakini zamu haikurukwa.

Alianza masomo katika shule ya msingi pale Gatitu mwaka 1963, akaingia sekondari mwaka 1971. Alipenda hesabu, na alipenda zaidi kufungua vitu vya watu ili aone kilichomo. Ripoti yake ya kidato cha pili, ambayo mama yake aliihifadhi ndani ya Biblia, inasema: "Anaweza kufanya vizuri zaidi akiacha kufungua saa za walimu." Hakupata nafasi hiyo. Baba yake alifariki Novemba 1972, na Solomon akatoka shule kusaidia nyumbani. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Hakulizungumzia, lakini kila alipopewa fomu ya kujaza, iwe ya kazi, ya benki au ya daktari, kwenye mstari wa elimu aliandika neno moja tu: bado.

Mwaka 1974 alikwenda Thika na kuajiriwa katika kiwanda cha nguo, akiwa kibarua na baadaye fundi wa mitambo. Alikaa huko zaidi ya miaka ishirini. Wenzake walisema alikuwa akiisikiliza mashine jinsi daktari anavyosikiliza kifua, kisha anataja nati iliyolegea bila kufungua kifuniko. Ni huko Thika alikokutana na muuguzi mmoja kutoka Meru, Lydia Kanana, aliyemfunga bendeji kidole baada ya mashine kumjibu vibaya. Kidole kilipona kwa wiki mbili, lakini Solomon aliendelea kwenda kliniki kwa miezi mitatu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980, na Mungu akawajalia watoto watatu: Kariithi, Wangari na Makena.

Lydia ndiye aliyetangulia London, mwaka 1993, kufanya kazi ya uuguzi. Solomon alimfuata mwaka 1995 pamoja na watoto wawili wakubwa. Watu wa nyumbani walimtania kwamba ameolewa, naye aliwajibu kwamba ndiyo, na mahari yake ilikuwa koti zito. Makena alizaliwa hapa mwaka 1996. Baba alimsemesha kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiingereza, na mazungumzo hayo yalidumu miaka ishirini na tisa bila yeyote kati yao kukubali kushindwa.

Alianza kwa kupakia mizigo kwenye maghala ya Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 1997 akaajiriwa kuwa fundi wa matengenezo katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Alkmund, chuo kidogo kilichokuwa ndani ya jengo la kiwanda cha zamani cha biskuti. Wanafunzi wake walikuwa wachache kiasi kwamba kengele ya moto ikilia wote walitosha kwenye maegesho ya magari. Agosti 1999 alitumwa chumba cha chini kung'oa takataka ili pawekwe viti vya akiba. Takataka yenyewe ilikuwa njia mbili za mbao za bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini, zilizokuwa zikichezewa na wafanyakazi wa kiwanda enzi hizo, pamoja na mtambo wa kusimamisha pini uliokuwa umekufa.

Kwa wiki tano msimamizi wake aliuliza kazi imefikia wapi, naye kila mara akajibu kwamba inaendelea vizuri. Hakudanganya. Tarehe 4 Oktoba 1999 msimamizi alishuka mwenyewe kuona viti vitakaa wapi, akakuta pini kumi zimesimama, taa zinawaka, na Solomon amevaa viatu vya bolingi alivyovipata kabatini, kimoja namba nane na kingine namba tisa. Msimamizi alirusha mpira mmoja, kisha wa pili. Viti vikatafutiwa mahali pengine.

Hivyo ndivyo timu ya bolingi ya Mtakatifu Alkmund ilivyozaliwa. Wachezaji wa kwanza walikuwa wanne. Keyur Raichura wa Tooting, ambaye familia yake ilitoka Kisumu, alifuata kelele za pini akaja. Surinder Bhamra, mjukuu wa fundi wa reli wa Nakuru, alikuja kutoroka maktaba. Gires Mugisho, kijana kutoka Bukavu, alikuja kwa sababu chumba kile kilikuwa na joto kuliko chumba chake. Na Maureen, mwanafunzi aliyekuwa akisafiri saa mbili kutoka Thamesmead, alikuja kwa sababu mjomba wake alimwambia aje, na baada ya mwaka mmoja akawa mchezaji bora kuliko wote. (Sasa mnaweza kukohoa.)

Solomon aliiendesha timu kama ngwatio ya mama yake. Katika kila mechi kulikuwa na mtu mmoja wa kufunga, yaani wa kurusha mipira ya mwisho, ile inayoamua. Timu nyingine humpa kazi hiyo mchezaji wao bora. Solomon aliitoa kwa zamu. Alinunua daftari la shule, akaandika majina, na aliyekwisha kufunga jina lake lilirudi chini ya orodha. Wiki nzima kabla ya mechi, wengine wote walifanya mazoezi na yule mwenye zamu, kama vile wote wanalima shamba lake. Daftari hilo lina miaka ishirini na sita, na halijawahi kurukwa.

Lilikaribia kurukwa mara moja. Tarehe 20 Aprili 2002 timu ilifika fainali ya vyuo vidogo huko Coventry, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata Solomon, ambaye alikuwa amebeba chakula cha mchana tu, akidhani watatolewa mapema. Zamu ya kufunga ilikuwa ya Gires. Msimu ule mipira ya Gires ilikuwa na mapenzi makubwa na mfereji wa pembeni mwa njia. Maureen alimvuta mjomba wake kando.

"Mjomba, hii ni fainali, please. Nipe mimi leo tu, Gires atachagua mechi yoyote mwaka ujao."

"Zamu ni zamu, Wairimu."

Walihitaji pini nne. Gires alirusha, mpira ukaenda vizuri mpaka nusu ya njia, kisha ukakumbuka kwao. Ukaingia mferejini bila kugusa pini hata moja. Walishindwa kwa pini tatu. Gires alikaa chini, akafunika uso kwa taulo, na Solomon akakaa chini pamoja naye, papo hapo sakafuni, mpaka walinzi walipokuja kuzima taa.

Maureen alimnunia mjomba wake miezi minne. Hakupokea simu, wala hakuja nyumbani kwao Hayes. Mwezi wa Agosti Solomon alipanda mabasi na treni mpaka Thamesmead, akabisha mlango, akakataa chai, akafungua daftari kwenye ukurasa wake wa pili. Ilikuwa mechi ya kwanza kabisa ya timu, Februari 2000. Mwenye kufunga alikuwa Maureen. Mipira yake yote miwili iliingia mferejini na timu ikashindwa. Maureen alikuwa amesahau kabisa.

"Siku ile Keyur na Surinder waliniomba nikutoe," Solomon alimwambia. "Gires peke yake ndiye hakuniomba."

Ndipo alipoikubali chai. Maureen ana aibu ya jambo hilo hadi leo, na anaomba radhi kwa Gires mbele yenu, ingawa Gires alishamsamehe kitambo kwa sahani ya pilau.

Miaka iliyofuata timu haikufika fainali tena, lakini haikukosa watu. Solomon alipata wachezaji waliotoka kila pembe ya dunia, wengi wao wageni wapweke katika mwaka wao wa kwanza wa London, na kila mmoja alijua kwamba siku yake ya kufunga ipo daftarini. Mwaka 2010 Gires alirudi kuwa kocha wa kujitolea. Mwaka 2019 chuo kiling'oa zile njia mbili ili kuweka vyumba vya kompyuta, na kazi ya kung'oa akapewa Solomon. Alizing'oa mwenyewe, ubao kwa ubao, akisema bora mkono unaozijua. Alilia, na hakujificha. Tangu hapo timu ikawa inachezea ukumbi wa kukodi, Jumamosi asubuhi, kabla ya sherehe za watoto za siku za kuzaliwa.

Alistaafu mwaka 2022. Tarehe 11 Februari 2023 alipatwa na kiharusi kilichochukua nguvu za mkono na mguu wake wa kulia. Familia inawashukuru wauguzi na wahudumu waliomtunza, ambao wengine wao wamo humu. Alijifunza kutembea kwa fimbo na kuandika kwa mkono wa kushoto, na somo lake la kwanza la kuandika lilikuwa kunakili majina ya daftari.

Kufikia Septemba 2024 timu ilikuwa imebaki na wachezaji wanne. Nahodha alikuwa Deepa, binti yake Keyur, akifuatwa na Zein, kijana wa Mombasa aliyekuja na marafiki zake wawili. Barua ikatoka chuoni: timu yoyote isiyokuwa na wachezaji watano walioandikishwa kufikia Ijumaa tarehe 25 Oktoba ingefutwa. Zein alizunguka mabweni yote. Deepa alibandika matangazo mpaka kwenye milango ya vyoo. Solomon aliarifiwa kila jioni kwa simu, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile: wanne. Lydia anasema wiki hizo hakula vizuri. Alimwambia mkewe kwamba anaweza kuvumilia kuondoka yeye, lakini hawezi kuvumilia daftari liishie katikati ya ukurasa.

Jumatatu tarehe 21 Oktoba alimwomba Lydia ile Biblia ya mama yake, akavaa koti la kanisani, akampigia Gires ampeleke chuoni. Gires alidhani wanakwenda kubembeleza. Solomon alipita ofisi ya michezo bila hata kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye dawati la kuandikisha wanafunzi, akaomba kujiunga na kozi ya cheti katika historia ya mitaa ya magharibi mwa London, Jumanne jioni. Binti wa dawati alimpa fomu, naye akaijaza na kumrudishia. Binti alipofika kwenye mstari wa elimu alisoma "bado", akauliza maana yake. Solomon alifungua Biblia, akampa ripoti ya kidato cha pili ya mwaka 1972.

"Niliachia hapo," akamwambia. "Nataka kuendelea."

Gires alisoma kanuni za ligi mara mbili akiwa amesimama. Zilisema mchezaji awe mwanafunzi aliyeandikishwa. Hazikusema awe na miaka mingapi wala mikono mingapi. Hivyo ndivyo marehemu alivyokuwa mchezaji wa tano, akiwa na miaka sitini na minane, na timu ikapona ikiwa imebakiza siku nne.

Jioni hiyo Deepa aliandika jina la Solomon daftarini. Kwa miaka ishirini na mitano Mzee alikuwa ameandika majina ya watu zaidi ya mia mbili, na la kwake halikuwamo.

Tunasikia bado kuna wanaosema alijiandikisha kwa ujanja tu. Familia inapenda ijulikane kwamba hakukosa somo hata moja. Aliandika insha kuhusu wafanyakazi wa kile kiwanda cha biskuti na mchezo wao wa bolingi, kwa mkono wa kushoto, kurasa kumi na moja, na mwalimu wake akaomba nakala ya kuhifadhiwa maktabani. Alimsomea Makena insha yote kwa Kiswahili, akitafsiri papo kwa papo. Makena alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni nzuri sana. Solomon alimpigia Maureen simu kumweleza, na hakuweza kumaliza sentensi.

Zamu yake ya kufunga ilifika Jumamosi tarehe 15 Machi 2025, siku moja baada ya kutimiza miaka sitini na tisa. Ukumbi ulijaa. Keyur alifunga duka lake, Surinder alitazama kwa simu kutoka Toronto, na Lydia alikaa mbele na mkoba wake magotini kama yuko kanisani. Mechi ilibana mpaka mwisho. Kukabaki mpira mmoja, wa Solomon, na timu ilihitaji pini sita ili kushinda. Solomon alitazama nyuso za wale vijana, ambao hawakuwa wamewahi kushinda mechi hata moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akataka zamu irukwe.

"Mpeni Deepa," alisema. "Mkono huu utawaharibia."

Deepa alirudi nyuma hatua moja, akakunja mikono. Gires akaja na mpira mwepesi wa watoto, wa rangi ya waridi, akamwekea Solomon kwenye kiganja cha kushoto.

"Hapana, Mzee. Zamu iko zamu."

Alisimama kwa fimbo, Zein akamshika kiuno, naye Mzee akausukuma. Mpira ule ulikwenda polepole mno, watu wakapata muda wa kuomba na kusema amina. Ulifika. Pini nne zikalala. Timu ilishindwa kwa pini moja, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Solomon alisubiri makofi yapungue, akamgeukia Gires.

"Mimi nimekushinda kwa pini nne," akamwambia, na wote wawili wakacheka mpaka Lydia akatafuta dawa za presha.

Julai 2025 alipokea cheti chake, akiwa amevaa joho. Wiki hiyo hiyo alijaza fomu ya mwaka wa pili, na kwenye mstari wa elimu akaandika tena: bado. Leo timu ina wachezaji kumi na mmoja, wengi wao walikuwapo ukumbini siku ile au walisimuliwa. Hakuna barua tena iliyotoka chuoni.

Jumapili tarehe 5 Oktoba alipatwa na kiharusi cha pili. Alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne na robo asubuhi, hospitalini, Lydia akiwa ameushika mkono wake wa kulia na Makena ule wa kushoto, wakimsemesha kwa Kiswahili wote wawili. Ndugu wa Gatitu walitamani arudishwe nyumbani. Alikuwa ameshasema azikwe hapa Hayes, mahali ambapo watu wake wanaweza kufika kwa basi.

Mwezi Agosti alimpa Maureen bahasha, akamwambia aifungue siku ambayo hatakuwa na wa kumuuliza. Ndani mna karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, herufi zake zikiwa zimeinama kama zinakwenda dhidi ya upepo. Kichwa chake ni "Zamu ya Beleshi". Tumezoea kulijaza kaburi kwa mikono yetu wenyewe, naye hakutaka tugombanie nafasi. Anaanza Lydia. Wanafuata watoto na wajukuu, kisha wachezaji wa sasa, akianza aliyejiunga mwisho, kisha wa zamani. Maureen ni wa pili kutoka mwisho. Mstari wa mwisho unasema: "Gires afunge. Safari hii hakuna mfereji."

Marehemu ameacha mjane, Lydia Kanana, watoto wake, Kariithi na mkewe Njoki, Wangari na mumewe Mutugi, na Makena, wajukuu wanne, dada yake Nyawira, ambaye ni mama yake Maureen, na kaka zake Muriuki na Gichuki, wapwa wengi, na timu moja iliyo hai, ambayo mechi yake ijayo ni Jumamosi tarehe 1 Novemba, saa nne asubuhi, mwenye zamu akiwa kijana aliyeanza kucheza wiki tatu zilizopita na ambaye, kwa taarifa tulizonazo, hajawahi kuangusha pini zaidi ya tano. Nyote mnakaribishwa kumlimia shamba lake.

Mungu ampe Mzee Solomon pumziko jema baada ya kazi njema. Anti Lydia, beleshi hili hapa. Gires, subiri zamu yako.